Tathmini ya daraja la masafa mafupi katika mbio za farasi za AERC: kanuni bora, tuzo zinazohitaji kufikiriwa upya

Shirika la AERC, ambalo jina lake kamili ni American Endurance Ride Conference, limekuwa likisimamia mbio za farasi za masafa nchini Marekani tangu mwaka 1972, na makao yake yako Auburn, California. Mbio zake kamili ni za maili 50 na kuendelea, lakini watu wengi wanaoingia katika mchezo huu huanzia kwenye daraja la chini yake, la maili 25 hadi 35, yaani kilomita 40 hadi 56 hivi. Daraja hilo ndilo ninalolitathmini hapa, kwa sababu ndilo mgeni hukutana nalo kwanza, ndilo linalopokea farasi wachanga na wale waliokwisha kuzeeka, na ndilo linalomjengea mpandaji tabia atakazokwenda nazo kwenye masafa marefu. Nimeshiriki kama mpandaji na pia kama msaidizi wa wapandaji wengine. Maoni yangu ni kwamba kanuni yake ya kumaliza inamlinda farasi kuliko kanuni nyingine yoyote ninayoijua katika michezo ya farasi, ilhali utaratibu wake wa tuzo unawavuta wapandaji kuelekea upande wa pili.

Nianze na kanuni hiyo. Katika mbio za maili 50 na 100 za shirika hili hili, nafasi ya mshindani huamuliwa na wakati anaovuka mstari wa mwisho, kisha farasi hukaguliwa ili kuthibitisha kwamba bado ana uwezo wa kuendelea. Katika masafa mafupi, saa haisimami mstarini. Inasimama pale mapigo ya moyo wa farasi yanaposhuka hadi 60 kwa dakika au chini ya hapo, na mpandaji hupewa dakika 30 tu tangu kuvuka mstari ili kukifikia kiwango hicho. Akishindwa, hahesabiwi kuwa amemaliza. Farasi mzima aliyepumzika huwa na mapigo kati ya 28 na 44 kwa dakika, na akienda mfululizo kwa matiti, yaani ule mwendo wa kukimbia taratibu, mapigo yanaweza kupanda kupita 120. Kwa hiyo 60 ni kiwango ambacho farasi aliyeendeshwa kwa busara hukifikia ndani ya dakika chache, na aliyesukumwa kupita uwezo wake hukifikia kwa taabu au hakifikii kabisa.

Matokeo yake yanaonekana vizuri ukichukua farasi wawili. Tuseme wa kwanza anavuka mstari saa tano na dakika mbili asubuhi, anahema, jasho linamchuruzika, moyo unapiga mara 96, na wasaidizi wanahangaika kummwagia maji mpaka mapigo yanaposhuka saa tano na robo. Mpandaji wa farasi wa pili ameshuka kwenye tandiko kilomita moja kabla ya mwisho, amelegeza mkanda wa tumboni, na anatembea kwa miguu akimwongoza mnyama wake. Wanavuka saa tano na dakika tisa, wakati mapigo yalikwisha kushuka hadi 58, na kipimo kinachukuliwa hapo hapo. Wa pili amemtangulia wa kwanza kwa zaidi ya dakika tano, ingawa alifika nyuma yake. Sijui njia nyepesi kuliko hii ya kumfundisha mtu mpya kwamba kilomita za mwisho si mahali pa kumpiga farasi mateke ya ubavuni. Hakuna haja ya kumhubiria mtu, kwa kuwa matokeo yaliyobandikwa ubaoni yanamweleza kila kitu.

Kuhusu mwendo wenyewe, shirika linaruhusu saa 6 kwa maili 25, na ndani ya saa hizo umo muda wa mapumziko ya lazima katikati ya njia. Wageni wengi husikia saa 6 na kuogopa, wakidhani watalazimika kukimbiza farasi mwanzo hadi mwisho. Hesabu inasema vinginevyo. Mapumziko yakiwa ya dakika 45, zinabaki saa tano na robo za kwenda kilomita 40. Farasi anayetembea vizuri huenda karibu kilomita 6 kwa saa, na matiti ya kiasi ni kilomita 12 kwa saa. Akitembea nusu ya njia na kwenda matiti nusu iliyobaki, atatumia saa tatu na dakika 20 kwa kutembea na saa moja na dakika 40 kwa matiti, jumla saa tano kamili, na bado atakuwa na robo saa ya kunywa maji kwenye vijito na kusubiri lango lifunguliwe. Milima, matope na joto hupunguza akiba hiyo, lakini hazifiki mahali pa kumlazimisha mtu aende shoti. Naona muda huu umepangwa kwa haki kabisa, na ni vyema mgeni aandike hesabu yake kwenye karatasi kabla ya siku ya mbio, kwa sababu alfajiri, farasi zaidi ya thelathini wanapoondoka pamoja na wake anaanza kurukaruka kwa kutaka kuwafuata, akili ya kupiga hesabu huwa haipo.

Hapo ndipo farasi wengi huharibiwa: katika kilomita 8 za mwanzo. Farasi ni mnyama wa kundi, na akiona wenzake wanatangulia hujitahidi kuwafikia hata kama mwili wake haujapata moto. Mpandaji asiye na uzoefu hushindana naye kwa hatamu, mikono inachoka, mwishowe anamwachia. Waandaaji wazuri huwaondoa wapandaji wa masafa mafupi baada ya wale wa maili 50 kutoweka kabisa, na humruhusu anayetaka kusubiri dakika kumi au kumi na tano aondoke peke yake bila kuonekana ameharibu utaratibu. Ningependa ruhusa hiyo itangazwe wazi katika kila mkutano wa jioni ya kuamkia mbio, badala ya kuachwa iwe siri ya wenye uzoefu.

Ukaguzi wa madaktari wa mifugo ndiyo sehemu ya huduma hii inayostahili sifa nyingi zaidi baada ya kanuni ya mapigo. Kila farasi hukaguliwa kabla ya kuanza, katikati na mwishoni, na kila daktari huandika alama zake kwenye kadi ambayo mpandaji huibeba. Huangaliwa rangi ya ufizi na muda ambao damu huchukua kurudi baada ya kuubonyeza kwa kidole. Ngozi ya shingo huvutwa ili kuona kama inarudi upesi, dalili ya maji kutosha mwilini. Sauti za utumbo husikilizwa kwa stetoskopu pande zote mbili za tumbo, kwa kuwa utumbo ulionyamaza ni onyo la kwanza la msokoto. Mgongo, mbavu na pembe za mdomo huguswa kutafuta maumivu yaliyoletwa na tandiko, mkanda au lijamu. Kisha farasi hukimbizwa kwa matiti, akiongozwa kwa kamba, kwenda na kurudi ili mwendo wake uonekane. Madaktari wengi hutumia kipimo alichokianzisha Dakta Kerry Ridgway: mapigo huhesabiwa, farasi hukimbizwa umbali wa futi 125 na kurudi, na dakika moja tangu alipoanza mapigo huhesabiwa tena. Yakiwa sawa na ya kwanza au yamepungua, mwili unajimudu. Yakiwa yamezidi kwa mapigo kadhaa, daktari huanza kuuliza maswali, hata kama kiwango cha 60 kilikwisha kufikiwa.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba madaktari hawa hufundisha wakiwa kazini. Mgeni akiuliza kwa nini amepewa alama B kwenye sauti za utumbo, huelezwa kwamba farasi wake hajala vya kutosha na kwamba ampe majani mabichi na kumwacha dakika kumi zaidi. Katika mapumziko hayo hayo hujifunza kwamba jasho la farasi lina chumvi nyingi kuliko damu yake, tofauti na jasho la binadamu, na kwamba ndiyo sababu farasi anayetoka jasho jingi anaweza asihisi kiu ingawa mwili umepungukiwa na maji. Hujifunza pia kumpoza. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba maji baridi juu ya misuli yenye moto yataikakamaza, lakini utafiti uliofanywa kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996 ulionyesha kwamba kummwagia farasi maji baridi mwili mzima, tena na tena, ni salama na humshusha joto haraka. Mafunzo ya namna hii ukiyatafuta darasani utayalipia ghali. Hapa yamo ndani ya ada ya kushiriki.

Hata hivyo, kanuni ya mapigo ina mpaka wake, na nadhani shirika halijausema kwa sauti inayotosha. Moyo hupata nguvu upesi. Farasi akifanyishwa mazoezi ya kawaida kwa miezi michache, moyo na misuli yake huwa tayari kwa maili 25, ilhali kano, mifupa na kwato zake zinahitaji mwaka mmoja au zaidi ili kukomaa kwa kazi hiyo. Farasi wa namna hiyo atashusha mapigo hadi 60 ndani ya dakika mbili na kupata A kwenye kadi, huku kano za miguu ya mbele zikianza kuchanika nyuzi zake kidogo kidogo pasipo mtu kuona. Kuchechemea mara nyingi hujitokeza kesho yake, farasi akiwa amekwisha kurudishwa nyumbani. Jambo hili ni zito zaidi kwa sababu daraja hili huruhusu farasi wa miaka 4, wakati maili 50 zinamtaka awe na miaka 5. Kumruhusu farasi wa miaka 4 kutembea na kwenda matiti ya kiasi kwa kilomita 40 hakunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba hakuna ukomo wa kasi unaomzuia mpandaji wake kumaliza maili hizo kwa saa mbili na nusu, na kwamba akifanya hivyo atapongezwa na kupewa tuzo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye tuzo. Kila anayemaliza hupewa kitu, kulingana na kaulimbiu ya shirika isemayo kwamba kumaliza ni kushinda, na hilo ni jema. Pamoja na hayo, mbio nyingi za masafa mafupi hutangaza kumi wa kwanza na kuchagua miongoni mwao farasi mwenye hali bora. Tuzo hiyo ya hali bora ndiyo inayoheshimiwa kuliko zote, hata kuliko ya kufika wa kwanza, na ina historia ndefu. Wendell Robie alipoanzisha mwaka 1955 mbio za maili 100 kwa siku moja kutoka upande wa Ziwa Tahoe hadi Auburn, zinazojulikana leo kama Tevis Cup, kila aliyemaliza ndani ya saa 24 alistahili bizimu ya fedha. Mwaka 1964 ikaongezwa Haggin Cup kwa farasi aliyeonekana, kati ya kumi wa kwanza, kuwa na hali nzuri kuliko wenzake na uwezo wa kuendelea. Wazo ni zuri. Ugumu uko katika namna alama zinavyohesabiwa na AERC, na katika kulihamisha wazo la maili 100 hadi kwenye maili 25.

Jumla ya alama ni 800. Daktari hutoa hadi 500, mia kwa kila moja ya mambo matano: jinsi mwili unavyotulia baada ya kazi, maji mwilini, kukosekana kwa vidonda na maumivu ya vifaa, uzima wa miguu, na ubora wa mwendo. Alama 200 ni za wakati: wa kwanza hupata zote, na kila anayemfuata hupoteza alama moja kwa kila dakika aliyochelewa. Alama 100 ni za uzito: mpandaji mzito kuliko wote, pamoja na tandiko lake, huzipata zote, na wengine hupunguziwa nusu alama kwa kila ratili iliyopungua. Sasa, mpandaji aliyemaliza dakika 40 baada ya wa kwanza amekwisha kupoteza alama 40. Kila moja ya mambo matano hupimwa kwa kumi kisha huzidishwa mara kumi, kwa hiyo ili azirudishe alama hizo ni lazima farasi wake amzidi mwenzake kwa nafasi nne nzima katika kipimo cha daktari. Farasi waliokwisha kupita ukaguzi wa mwisho hutofautiana kidogo sana machoni pa daktari. Wengi hupewa nane, tisa na tisa na nusu. Ndiyo maana mara nyingi dakika na ratili ndizo zinazoamua nani ana hali bora, na aliyemtunza farasi wake kwa uangalifu zaidi hurudi nyumbani bila kutajwa.

Katika maili 100 naweza kuielewa hoja ya wanaotetea mfumo huu: farasi aliyefanya kazi kubwa zaidi kwa muda mfupi zaidi na bado anang'aa ameonyesha ubora wa kweli. Katika maili 25 hoja hiyo inapoteza nguvu, kwa kuwa daraja hili lipo ili kufundisha, na zawadi humfundisha mtu kuliko hotuba yoyote. Pendekezo langu ni kwamba alama za wakati ziondolewe kabisa katika masafa mafupi, nafasi ya kuwania tuzo ya hali bora ifunguliwe kwa kila aliyemaliza anayetaka kumwonyesha farasi wake, na ukaguzi wa mwisho wa tuzo ufanyike asubuhi ya kesho yake pale ambapo washiriki wengi hulala kambini. Mguu uliovimba usiku hauwezi kufichwa asubuhi.

Zipo nchi zilizochagua njia nyingine. Nchini Uingereza, Endurance GB huendesha mbio ambazo wapandaji hawashindanishwi wao kwa wao hata kidogo. Kila mmoja hupewa daraja kutokana na kasi yake, ambayo ina ukomo wa juu, na mapigo ya mwisho ya farasi wake. Mtu anaweza kupata daraja la kwanza siku moja na wenzake ishirini bila yeyote kumnyang'anya mwingine. Katika Ghuba, ambako baadhi ya wasomaji wa Kiswahili wanaishi na wamewahi kuziona mbio hizi kwa macho, hali ilikwenda mbali sana upande wa kasi: njia tambarare za mchanga, magari yakisindikiza pembeni, na farasi wakivunjika miguu, mpaka Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, likasimamisha shirikisho la Umoja wa Falme za Kiarabu mwaka 2015. Marekebisho ya kuaminika zaidi niliyoyaona yalitoka huko huko. Sheikh Sultan bin Zayed Al Nahyan, aliyefariki mwaka 2019, aliweka katika kijiji cha mbio cha Bouthib, Abu Dhabi, ukomo wa kasi wa kilomita 20 kwa saa, akashusha kiwango cha mapigo hadi 56, na akaelekeza zawadi kwa waliomaliza ndani ya masharti hayo. Ikiwa ukomo wa kasi uliwezekana mahali penye ushindani mkali kiasi hicho, sioni kwa nini ushindikane katika mbio za Jumamosi za wanaoanza.

AERC yenyewe inazo tuzo za aina ninayoitetea. Maili za farasi na za mpandaji huhesabiwa maisha yao yote, na katika masafa ya maili 50 na zaidi ipo heshima ya pekee kwa mpandaji na farasi waliomaliza mbio pamoja katika miaka 10, hata kama miaka hiyo haikufuatana. Anayewania tuzo hiyo hana sababu ya kumkimbiza mnyama wake Jumamosi hii, kwa kuwa anamhitaji akiwa mzima mwaka ujao na ule utakaofuata. Ipo pia tuzo ya kobe, inayotolewa na waandaaji wengi kwa farasi wa mwisho kumaliza ndani ya muda, nayo hupigiwa makofi ya dhati. Msomaji wa pwani ya Kenya hatashangaa: huko Lamu, ambako zahanati ya The Donkey Sanctuary imekuwa ikitibu punda tangu mwaka 1987, hutolewa kila mwaka zawadi kwa punda aliyetunzwa vizuri zaidi, na mwenye punda hushinda kwa mgongo usio na vidonda na kwato zilizochongwa. Ningefurahi kuona wazo hilo la Lamu likitumika katika mbio za California.

Upande wa huduma kwa washiriki, ubora hutegemea sana waandaaji wa mahali, kwa sababu shirika hutoa kanuni na watu wa kujitolea ndio wanaoendesha siku yenyewe. Kwa jumla nimekuta njia zilizowekwa alama za utepe kwa uangalifu, matangi ya maji yasiyokauka, na wapimaji mapigo wenye subira. Katika mbio moja, ambayo sitaitaja, zawadi za masafa mafupi zilitolewa mchana wakati wapandaji kadhaa walikuwa bado njiani, wakiwa na zaidi ya saa moja halali mkononi. Walipofika walikuta meza zimekunjwa. Walikuwa ndio waliofuata mafundisho ya mkutano wa jioni kwa ukamilifu zaidi, wakitembea kwenye miteremko na kusubiri farasi wanywe, na siku ile waliambiwa kwa vitendo kwamba hawakuhitajika. Shirika lingeweza kulizuia jambo hili kwa sharti moja tu, kwamba tuzo zisitolewe kabla ya muda wa mwisho kupita.

Kwa anayetaka kujaribu, hasa mwenye farasi wa kawaida asiye wa damu ya Kiarabu, naipendekeza huduma hii bila kusita, ilimradi aingie akijua anachokitafuta. Farasi Waarabu hupoa upesi na hutawala matokeo, lakini nimeona farasi wa shamba, nyumbu na hata poni wakimaliza maili 25 wakiwa na hamu ya kula na macho maangavu. Kabla ya kulipa ada, waulize waandaaji kama kiwango cha mapigo kwenye kituo cha kati kitakuwa 60 au kitapanda hadi 64, mapumziko ni ya dakika ngapi, wapandaji wa masafa mafupi wataondoka muda gani baada ya wenzao, na kama hali ya hewa ikiwa ya joto na unyevu mwingi madaktari wana mamlaka ya kushusha kiwango na kurefusha mapumziko siku hiyo hiyo. Waandaaji wanaojibu swali hili la mwisho kwa ufasaha, wakitaja na jina la daktari mkuu, nimewaona mara nyingi kuwa ndio hao hao wanaowasubiri wapandaji wa mwisho.